Siku saba, sherehe nne: mwongozo kamili wa safari ya Agosti kaskazini mwa Japani

Mara ya kwanza nilitua Japani tarehe 9 Agosti, kwa sababu nauli ya siku hiyo ilikuwa nafuu. Nilipofika Aomori, mji ulio kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa kikuu cha Honshu, nilikuta watu wanafagia barabara na kufungua vyuma vya viti vya watazamaji. Sherehe niliyokuwa nimeitamani kwa miaka ilikuwa imekwisha siku mbili kabla. Nilitembea mji ule nikiwa na donge kooni.

Mwongozo huu unatokana na kosa lile. Watalii wengi huchagua miji kwanza, halafu wakitokea kukuta sherehe njiani wanashukuru. Kwa Japani nashauri upange kinyume chake. Mahekalu na makasri yatakungoja mwaka mzima, ila sherehe, ambazo wenyewe huziita matsuri, zina tarehe zake na hazimsubiri mtu. Ukishika tarehe, vingine vyote vitapangika kuzizunguka.

Nimechagua wiki ya kwanza ya Agosti katika eneo la Tohoku, kaskazini mashariki mwa nchi, kwa kuwa hakuna wiki nyingine ninayoijua ambayo sherehe kubwa zimejipanga hivyo kwenye njia moja ya reli. Tena katika tatu kati ya hizo nne mgeni hukaribishwa kuingia, si kutazama tu.

Hatua ya kwanza: shika kalenda

Tarehe hizi hazibadiliki, iwe Jumatatu au Jumapili:

- Morioka Sansa Odori: 1 hadi 4 Agosti
- Aomori Nebuta: 2 hadi 7 Agosti
- Akita Kanto: 3 hadi 6 Agosti
- Sendai Tanabata: 6 hadi 8 Agosti

Karibu na Aomori kuna nyingine mbili: Hirosaki Neputa (1 hadi 7) na Goshogawara Tachineputa (4 hadi 8), na upande wa Yamagata kuna Hanagasa (5 hadi 7). Huwezi kuziona zote.

Huenda ukajiuliza kwa nini zimerundikana hivyo. Jibu liko kwenye kalenda ya zamani. Wajapani walikuwa wakihesabu miezi kwa mwandamo, na usiku wa saba wa mwezi wa saba ulikuwa wa Tanabata, usiku ambao nyota mbili zinazopendana hukutana angani mara moja kwa mwaka. Wakulima wa kaskazini nao, majira hayohayo ya joto, walikuwa na desturi ya kutupa usingizi mtoni: waliwasha kandili na kuziacha zielee na maji, ziondoke na uchovu wote kabla ya mavuno. Mwaka 1873 Japani ilihamia kalenda ya jua, na sherehe nyingi za mwezi wa saba zikasogezwa mbele karibu mwezi mmoja ili zibaki kwenye majira yake. Ndiyo maana zimeangukia Agosti, na ndiyo maana karibu zote zina taa.

Mpangilio wangu ni huu: tarehe 2 Tokyo hadi Morioka, tarehe 3 Morioka hadi Aomori, tarehe 4 unabaki Aomori, tarehe 5 Aomori hadi Akita, tarehe 6 Akita hadi Sendai, tarehe 7 unabaki Sendai, tarehe 8 unarudi Tokyo. Usiugeuze. Sendai haianzi kabla ya tarehe 6, kwa hiyo lazima iwe ya mwisho, na Morioka iko njiani unapopanda kaskazini. Fika Tokyo tarehe 31 Julai au tarehe 1 Agosti ili mwili uzoee. Saa za Tokyo ziko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa sita, na usiku wa kwanza utakuwa macho ukisikiliza kiyoyozi.

Hatua ya pili: kitanda kabla ya ndege

Hapa ndipo safari za watu wengi huharibikia. Aomori na Akita si miji mikubwa, na wiki hiyo wageni wa ndani peke yao wanatosha kuijaza. Bei hupanda mara mbili, pengine zaidi, na kufikia Mei au Juni hoteli zilizo karibu na stesheni huwa zimeisha. Anza kutafuta mwezi wa Februari au Machi. Chagua vyumba vinavyoruhusu kufuta bila malipo, kwa sababu bado huna viza.

Ukikosa chumba Aomori, tafuta Hirosaki, ambako treni ya kawaida huchukua takriban dakika 45, au Hachinohe, karibu nusu saa kwa Shinkansen, yaani treni ya mwendo kasi. Akita ndiyo ngumu kuliko zote. Ukikwama, jaribu Omagari au Yokote kusini yake. Lakini popote utakapolala nje ya mji wa sherehe, tafuta kwanza saa ya treni ya mwisho, uipige picha uiweke kwenye simu. Sherehe hizi huisha karibu saa tatu usiku, maelfu ya watu huelekea stesheni kwa pamoja, na treni za mikoani si nyingi kama za Tokyo.

Neno moja kuhusu saa. Ratiba zote za Japani zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24. Ukiona 19:10, hiyo ni saa moja na dakika 10 usiku kwetu. Utakuta hata baa iliyoandika inafungwa 25:00, maana yake saa saba usiku, siku iliyotangulia ikihesabiwa bado haijaisha. Nashauri uandike ratiba yako yote kwa mtindo wao. Nimewahi kuwaona wenzetu wawili wakiachwa na treni kwa sababu kila mmoja alikuwa anahesabu saa kivyake.

Hatua ya tatu: viza

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza hata kwa matembezi mafupi. Maombi hupelekwa ubalozi wa Japani, Dar es Salaam au Nairobi. Jiandae na fomu, picha, pasipoti, nafasi ya ndege uliyoshikiwa, taarifa ya benki, barua ya mwajiri au hati za biashara yako, na ratiba ya siku kwa siku inayoonyesha utalala wapi. Kama kuna mwenyeji anayekualika, ataandika barua ya mwaliko, na akikulipia gharama, barua ya udhamini pia.

Ratiba hiyo ya siku kwa siku huwachosha watu, wanaijaza kwa kulipua. Wewe tayari unayo. Mwombaji anayeandika "3 Agosti, Morioka hadi Aomori, Nebuta, hoteli fulani" anaonekana waziwazi kuwa anajua anachokifuata.

Viza ya kuingia mara moja huwa na uhai wa miezi mitatu tangu itolewe. Kwa hiyo usiombe Januari kwa safari ya Agosti. Mei mwishoni au Juni mwanzoni ni wakati mzuri. Na usilipie tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla ya viza kugongwa.

Ndege zipo kupitia Addis Ababa, Doha au Dubai. Ile ya Addis Ababa hupitia Seoul kabla ya kutua Narita, uwanja wa ndege wa Tokyo.

Hatua ya nne: tiketi za treni

Shinkansen ya Tohoku hutoka Tokyo, inapita Ueno, Sendai na Morioka, hadi Shin-Aomori. Treni za haraka zaidi kwenye njia hii zinaitwa Hayabusa, na mwendo wake hufika kilomita 320 kwa saa. Viti vyote vya Hayabusa, na vya Komachi inayokwenda Akita, ni vya kushikiwa. Usiingie stesheni ukitegemea kusimama kwenye ujia.

Tiketi ya kawaida kutoka Tokyo hadi Shin-Aomori, kwenda tu, inazidi yeni 17,000. Kuna pasi ya nchi nzima, Japan Rail Pass, ambayo bei yake ya siku 7 ilipandishwa Oktoba 2023 kutoka chini ya yeni 30,000 hadi 50,000. Kwa njia hii huihitaji. Tazama pasi ya kampuni ya reli ya JR East inayofika Tohoku, ya siku tano mfululizo. Ukiianzisha tarehe 2 asubuhi inakufikisha Sendai tarehe 6 bila kulipa nauli nyingine, na tarehe 4 inakupeleka Hirosaki na kukurudisha. Kipande cha mwisho, Sendai hadi Tokyo tarehe 8, utalipa peke yake. Ni saa moja na nusu kwa Hayabusa. Kama mfuko umetoboka, kuna mabasi ya masafa marefu.

Pasi hizi zimekusudiwa wenye pasipoti za nje. Ile ya nchi nzima hudai muhuri wa "Temporary Visitor" (mgeni wa muda) ndani ya pasipoti, kwa hiyo uwanjani hakikisha umewekewa kabla hujaondoka mbele ya afisa.

Sasa sikiliza vizuri, maana hii ndiyo siri ya safari nzima: viti hufunguliwa mwezi mmoja kabla ya siku ya safari, saa 10:00 asubuhi ya Japani. Kwetu ni saa kumi alfajiri. Amka tarehe 2 Julai alfajiri uingie kwenye tovuti ya JR East ushike kiti cha tarehe 2 Agosti, kisha fanya hivyohivyo kwa kila kipande. Kipande cha Akita hadi Sendai tarehe 6 ndicho cha kuhofia kuliko vyote, kwa kuwa umati wa Kanto na umati wa Tanabata hukutana kwenye treni ileile.

Kutoka Aomori hadi Akita hakuna Shinkansen. Kuna treni iitwayo Tsugaru, kama saa mbili na dakika 45, inayopita kwenye mashamba ya tufaha na mpunga. Kaa dirishani. Mashuke ya mpunga unayoyaona hapo utayakumbuka usiku, nitakuambia kwa nini.

Hatua ya tano: siku ya kufika

Kabla ya kupanda ndege jaza fomu za uhamiaji na forodha kwenye mfumo wa Visit Japan Web upate msimbo wa kuonyesha. Ukishatoka, nunua kadi ya Suica au Pasmo kwa nauli za mjini. Kuna Welcome Suica ya wageni inayodumu siku 28. Pesa taslimu toa kwenye mashine zilizo ndani ya maduka ya 7-Eleven, zinapokea kadi za nje. Vibanda vya chakula vya sherehe vingi bado vinataka noti na sarafu, kwa hiyo usitegemee kadi peke yake.

Usiku wa Tokyo lala mtaa wa Ueno, si Shinjuku. Treni ya Skyliner kutoka Narita inaishia Ueno kwa dakika zisizofika 50, na Hayabusa ya kesho inasimama Ueno. Utaokoa kuburuta begi ndani ya stesheni kubwa za Tokyo saa ambazo watu wanakwenda kazini.

Begi kubwa lenyewe usiende nalo kaskazini. Japani kuna huduma ya kusafirisha mizigo iitwayo takkyubin: unaliacha begi kaunta ya hoteli au duka la saa 24, unajaza anwani, na kwa kawaida kesho yake linakuwa limefika. Litume moja kwa moja hoteli ya Sendai, andika tarehe ya kulipokea, wewe ubaki na mkoba wa mgongoni wenye nguo za siku nne.

Morioka, tarehe 2: ngoma

Kutoka Tokyo ni saa mbili na dakika chache. Hekaya ya hapa inasema palikuwa na zimwi lililowasumbua watu, wakaomba msaada kwenye miamba mitatu ya hekalu la Mitsuishi. Zimwi likashindwa, likaapa kutorudi, likaacha alama ya kiganja chake juu ya jiwe. Jina la mkoa, Iwate, linatokana na hayo: mwamba na mkono. Watu wakacheza kuyazunguka mawe kwa furaha, na ndiyo Sansa.

Jioni barabara kuu hujaa wapiga ngoma waliozifunga kifuani, wanapiga huku wanacheza, wanawake kwa wanaume, wakiitikia "Sakkora choiwa yasse", yaani wanaiita heri ije. Ukizaliwa kwenye watu wa ngoma utaielewa midundo hii bila mfasiri. Maandamano yakiisha hufanywa duara ambalo kila mtu anaweza kuingia. Ingia. Hatua ni rahisi na watu watakuonyesha kwa mikono yao.

Aomori, tarehe 3 na 4: moyo wa safari

Nimepanga siku mbili hapa kwa makusudi: usiku wa kwanza utazame, wa pili uruke.

Nebuta ni sanamu kubwa mno za karatasi. Fundi hutengeneza mifupa kwa nyaya, huvisha karatasi za Kijapani ziitwazo washi, huchora kwa wino mweusi na rangi, na ndani huweka taa. Kubwa zake hufika upana wa mita 9, kimo cha mita 5 pamoja na gari lake, na uzito wa tani 4 hivi. Nyuso ni za mashujaa, mazimwi na miungu, macho yamewatoka. Zinasukumwa na watu, siyo injini, na mwenye filimbi akitoa ishara zinazungushwa papo hapo na kuwainamia watazamaji. Mara ya kwanza sanamu moja iliponiinamia nilirudi nyuma hatua mbili, na mtoto aliyekuwa pembeni yangu akanishika mkono.

Usiku wa kutazama una njia mbili. Unaweza kununua kiti cha kulipia mapema, au ukakaa ukingoni mwa barabara bure. Mimi napenda ukingo. Nunua jamvi la plastiki kwenye duka la yeni 100, fika kufikia saa kumi na moja jioni, ukae pembeni mwa kona, ambako sanamu hulazimika kugeuka. Kuanzia tarehe 2 hadi 6 maandamano huanza giza likianza kuingia. Tarehe 7 hufanyika mchana, na usiku sanamu chache hupandishwa mashua baharini chini ya fataki.

Usiku wa pili uwe haneto, yaani mrukaji. Hakuna kujiandikisha wala kiingilio. Sharti ni moja tu, vazi liwe kamili: yukata (kimono chepesi) nyeupe, vitambaa vya rangi kiunoni na mabegani, mshipi, kofia ya maua, na njuga zilizobanwa kila mahali. Maduka mjini hukodisha kwa yeni elfu chache na kukuvalisha. Weka nafasi yako mapema siku hiyo, kwa sababu alasiri foleni huwa ndefu.

Mwaka niliovaa, mshipi wangu ulilegea nikiwa bado nje ya duka. Bibi mmoja aliyekuwa anapita na mjukuu wake akasimama, akaweka chini mfuko wake wa mboga, akaukaza mshipi ule kwa nguvu ambazo sikuzitarajia, akanipiga mgongoni kama anayemtuma mtoto shule. Hatukuambiana neno hata moja linaloeleweka. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale nilihisi kama wao pia wanao msemo huo.

Kuruka kwenyewe: mara mbili mguu wa kulia, mara mbili wa kushoto, bila kusimama, huku unaitikia "Rassera, rassera!" Simama nyuma ya mstari wa kundi lolote kabla halijaondoka, uwafuate. Njuga zitaanguka njiani. Zinasemwa kuwa na bahati, kwa hiyo mpe moja mtoto anayenyoosha mkono pembeni. Vaa kitu kilichoshika mguu vizuri, si ndara za kuteleza. Jaza maji mwilini kabla. Na ukichoka toka pembeni bila aibu, ukapumzike, urudi kwenye kundi jingine.

Mchana wa tarehe 4 nenda Sannai-Maruyama kwa basi, mabaki ya kijiji cha watu wa Jomon walioishi hapo zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, kilichoingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021. Au Hirosaki kwenye kasri lake. Usifanye vyote viwili. Miguu inahitajika usiku. Kama mvua inanyesha, jumba la Wa Rasse karibu na stesheni linaonyesha sanamu za sherehe zilizopita, na humo unaweza kuzisogelea uone viraka vya karatasi.

Akita, tarehe 5

Kanto ni mti mrefu wa mwanzi wenye matawi ya kulala, umetundikwa kandili za karatasi zenye mishumaa ya kweli. Mkubwa una kimo cha mita 12, uzito wa kilo 50 na kandili 46. Mtu mmoja anauinua kwa kiganja, anauhamishia kwenye paji la uso, bega, kisha nyonga, mikono ikiwa imeachia, na umati unaimba "Dokkoisho, dokkoisho!" Umbo lile lote ni shuke la mpunga lililoinama kwa uzito wa mbegu. Ni dua ya mavuno, na ndiyo sababu nilikuambia ukae dirishani mchana.

Mwanzi huo hupinda sana, na wakati mwingine hudondoka upande wa watazamaji. Kuna kamba zilizofungwa juu ya barabara kuuzuia, lakini usikae na mtoto mchanga mstari wa mbele. Maonyesho yakiisha, usikimbilie hoteli: kuna muda mfupi ambao wachezaji huwaruhusu wageni kusogea, kupiga ngoma na kuinua mti mdogo wa watoto. Huo wa kilo 5 tu ulinitoa jasho.

Sendai, tarehe 6 hadi 8

Baada ya kelele za siku nne, Tanabata ni kama kukaa barazani. Hakuna maandamano. Maduka ya katikati ya mji huning'iniza mapambo marefu ya karatasi za washi kwenye mitaa yenye paa, unatembea chini yake yakikupapasa uso. Mapambo ya asili ni ya aina saba, kila moja na dua yake: vipande vya kuandikia matakwa ni vya elimu, kimono cha karatasi ni cha ufundi wa kushona, ndege korongo ni wa maisha marefu, kipochi ni cha akiba, jarife ni la uvuvi mwema, kikapu cha takataka ni cha usafi na kubana matumizi, na mikia mirefu ni nyuzi za binti mfumaji, mmoja wa zile nyota mbili zinazopendana. Nenda asubuhi kabla umati haujajaa. Kwa sababu ya paa zile, hii ndiyo sherehe ambayo mvua haiwezi kuiharibu.

Tarehe 7 una siku nzima. Matsushima, ghuba yenye visiwa vya misonobari, ni dakika 40 kwa treni. Hekalu la Zuiganji lililokamilika mwaka 1609 liko hapo hapo. Wenye magoti mazima waende Yamadera, saa moja kutoka Sendai, ngazi zaidi ya 1,000 hadi juu mlimani. Mimi hupenda pia kwenda shule ya msingi ya Arahama, karibu na bahari. Tarehe 11 Machi 2011 tsunami ilifika ghorofa ya pili, na watu 320 waliokimbilia juu wakaokoka. Jengo limeachwa lilivyo. Unapanda treni ya chini ya ardhi hadi Arai, kisha basi.

Chakula, sala na joto

Kwa msomaji Mwislamu, wasiwasi mkubwa ni nguruwe na pombe ndani ya mapishi. Yakisoba, tambi za kukaanga za vibandani, kwa kawaida ina nyama ya nguruwe, na michuzi mingi ina mirin, ambayo ni pombe ya mchele. Jifunze sentensi moja: "Butaniku haitte imasu ka?", kuna nyama ya nguruwe? Vokali za Kijapani ni a, e, i, o, u kama zetu, kwa hiyo ukisoma kama Kiswahili utaeleweka. Kimbilio langu Aomori ni soko la samaki la Furukawa: unanunua kuponi na bakuli la wali, kisha unazunguka ukichagua vipande vya samaki mbichi, chaza na mayai ya samaki. Vibandani kuna mahindi ya kuchoma na barafu ya kukwangua yenye sharubati. Tokyo, nenda msikiti wa Tokyo Camii karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, uliofunguliwa upya mwaka 2000. Sendai nako kuna msikiti.

Wiki hiyo jua la Aomori huzama kabla kidogo ya saa moja usiku, yaani magharibi inaingia wakati Nebuta inaanza. Msafiri anaweza kukusanya na ishaa akirudi. Alfajiri nayo huingia mapema sana, jua likichomoza kabla ya saa kumi na moja.

Joto si la mzaha hata kwa mtu wa Pwani. Tokyo huwa na fukuto kama la Dar mwezi Februari, ila upepo wa bahari hausikiki. Kunywa maji kabla ya kiu, nunua vinywaji vyenye chumvi kwenye mashine za barabarani, ubebe taulo dogo kama wafanyavyo wenyeji. Beba na mfuko wa taka, kwa kuwa mapipa ni adimu. Ndani ya treni simu iwe kimya. Ukiita mtu, malizia jina lake na "san".

Tarehe 8 ukisharudi Tokyo, panga kuondoka nchini au kutulia mahali pamoja kabla ya tarehe 12. Kuanzia tarehe 13 hadi 16 ni Obon, siku ambazo Wajapani hurudi kwao kuwakumbuka marehemu, na treni na hoteli hujaa nchi nzima. Ukiamua kubaki, shika chumba Kyoto mapema: usiku wa tarehe 16 huwashwa mioto mikubwa kwenye milima mitano inayouzunguka mji, kuzisindikiza roho zirudi zilikotoka.